Kijiji kilichozika vijana 11

Wiki hii naomba mambo ya disko na nani kamwacha nani tuyaweke kando kidogo. Nina habari ya muziki, ndiyo, ila ni muziki wa msiba, na imenikaa rohoni siku nyingi.

Kaskazini mwa Israeli, jirani na mlima Gilboa, kuna kijiji kinaitwa Beit HaShita. Ni kibutsi. Kwa asiyejua, hicho kwa asili kilikuwa kijiji cha kuishi kijamaa: shamba la wote, jiko moja, fedha mfuko mmoja. Wazee waliopitia JKT watanielewa haraka, maana ilipoanzishwa 1963 Waisraeli walikuwemo katika kuisaidia, na ule mtindo wa jembe na bunduki pamoja kwao ulikuwepo.

Kilichonishangaza mimi ni watoto. Zamani mtoto wa kibutsi hakulala kwa mama yake. Tangu uchanga alilala kwenye nyumba ya watoto na wenzake wa rika lake. Jioni anakwenda kwa wazazi saa chache, wanacheza, kisha huyoo, anarudi kulala na kundi lake. Sasa jiulize, kijana wa namna hiyo akifa vitani, mfiwa ni nani? Mama yake, hilo halina ubishi. Lakini vipi yule mama mwingine aliyekuwa akimfunika shuka usiku? Vipi wale waliolala naye chumba kimoja mpaka wakaota ndevu?

Jumamosi, 6 Oktoba 1973, saa 8 mchana, Misri na Syria zilishambulia kwa pamoja ili kurudisha Sinai na Golan, ardhi zilizopoteza 1967. Ilikuwa Yom Kippur, siku ya Wayahudi ya toba na kufunga. Vita vilipokwisha, Israeli ilikuwa imepoteza askari zaidi ya 2,500, na upande wa pili maelfu zaidi. Nani alikuwa na haki, hilo siliandiki hapa. Mama wa Cairo naye alilia.

Beit HaShita peke yake ilipoteza vijana 11. Kijiji kidogo, kila mtu anamjua kila mtu, halafu 11 kwa mpigo!

Na hapa ndipo palipokuwa na mtihani. Waanzilishi wa kijiji hiki walikuwa wajamaa hasa, dini walishaiweka pembeni. Sinagogi hawaendi, sala hawasali. Sasa utamwombolezaje mtoto wa wote wakati maneno ya kuombolezea ulishayatupa? Wengine kwenye vibutsi huchapa kijitabu cha marehemu, chenye barua zake na picha zake. Mwanakijiji mmoja, Dorit Zameret, aliandika wimbo unaoitwa Ngano Inaota Tena, ambao Chava Alberstein aliuimba ukavuma nchi nzima. Jina lenyewe linauma: shamba halijui kama kuna msiba.

Miaka 17 ikapita. Mwaka 1990 alikuwepo pale kijijini Yair Rosenblum, mtunzi maarufu wa bendi za jeshi. Ndiye aliyetunga muziki wa ule Wimbo wa Amani alioimba Waziri Mkuu Rabin usiku aliouawa, mwaka 1995. Huyu bwana akachukua sala ya kale, Unetaneh Tokef, inayohusu Mungu kuamua nani ataishi na nani atakufa mwaka unaokuja, akaitungia muziki mpya kwa ajili ya wale 11. Aliyeiimba mbele ya wanakijiji Yom Kippur ilipoingia ni Hanoch Albalak, mwenzao tu wa hapohapo. Wanaosimulia wanasema watu wasiosali waliangua kilio.

Mimi Kiebrania sijui hata salamu, lakini niliusikiliza mara nne mfululizo. Sauti inaanza chini kama mtu anayejisemea, inapanda, inapanda, mpaka unajikuta umeacha ulichokuwa unakifanya.

Rosenblum alifariki 1996. Muziki wake ukatoka kijijini ukaingia kwenye masinagogi, kwa watu wanaosali kila siku, na wengi wao hawakuwahi kufika Beit HaShita. Vijana wale waliolala na marehemu kwenye nyumba ya watoto sasa ni wazee wa miaka sabini na kitu, na Yom Kippur ikifika bado wanawakumbuka wenzao, ambao kwenye picha hawajazeeka hata kidogo.