Fedha za Korosho na Miezi ya Ukata

Katika wilaya za Masasi na Newala, ambako korosho huvunwa na kuuzwa hasa kati ya Oktoba na Januari, kaya nyingi hupata sehemu kubwa ya mapato ya mwaka kwa mkupuo, ilhali gharama za chakula, shule na, juu ya uwanda wenye uhaba wa maji, ndoo za maji, huendelea kila siku. Pengo hilo ndilo huzaa kangomba, yaani ununuzi haramu ambao mlanguzi humpa mkulima mwenye shida fedha kidogo, kisha huchukua korosho zake kwa bei ya kutupa; na kwa kuwa mfumo rasmi wa kuuza korosho, wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, hulipa baada ya mnada, anayenaswa mara nyingi hana upungufu wa akili, bali wa akiba. VICOBA, vikundi ambavyo wanachama wake hununua hisa, hukopeshana na kugawana faida mwisho wa mzunguko, husaidia, ingawa hisa hununulika kwa urahisi msimu wa mauzo tu. Kwa hiyo chakula cha miezi ya ukata na gharama za palizi vitengwe siku ileile ya malipo, kabla ya sherehe za jando na harusi. Bati na gata la kukingia mvua vifuate, kwa kuwa hupunguza ununuzi wa maji kwa miaka mingi.