Kilele cha Debe

Debe la mafuta ya taa liliundwa libebe galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18.18. Mafuta yalipokwisha, bati likageuzwa kipimo cha nafaka. Lakini mafuta hayafanyi kilele. Alizeti ya Singida hufanya.

Tuchukue debe ambalo mdomo wake ni mraba wa sentimeta 24. Mnunuzi akidai mbegu zisimame sentimeta 6 juu ya ukingo, kilele hicho ni piramidi: theluthi ya 24 × 24 × 6, ambayo ni sentimeta za ujazo 1,152, au lita 1.15 hivi. Ni kidogo, mtu atasema. Basi mkulima na apime madebe 16: vilele vyake vitatimia lita 18.4, na debe zima litakuwa limekwenda bure.

Wala kikombe si salama zaidi. Katika chombo chenye kuta zilizonyooka, ziada ni kimo cha kilele kugawanywa kwa kina cha chombo mara tatu. Kwa hiyo chombo kipana chenye kina kifupi humpunja muuzaji kuliko debe. Mwanafunzi na ajaze kopo la maziwa, apime kilele kwa rula, kisha asawazishe kwa rula ileile na kuzipima mbegu zilizomwagika.