Kutoka Pamba ya Jumbe hadi Bwawa la Nyerere: Rekodi za Uchumi wa Rufiji

Vitabuni mifumo ya uchumi hushindanishwa kwa hoja: soko huria upande huu, ujamaa upande ule, amri ya dola katikati. Ngarambe, kusini mwa Mto Rufiji, pembezoni mwa pori la Selous, na majirani zake hadi deltani wamepitishwa katika yote hayo, na yote yameacha rekodi. Hizi chache nimezipima kwa kipimo kimoja: karatasi iliahidi nini, na mkulima akabaki na nini mkononi.

Malipo madogo kuliko yote

Tuzo hii haina mpinzani. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja, kila jumbe na lake, na watu wake wakatakiwa kulifanyia kazi siku 28 kwa mwaka. Karatasi ilipendeza kweli. Mapato yangegawanywa mafungu matatu: moja la wafanyakazi, moja la jumbe, la tatu liende wilayani. Mtu asiyeona tarehe angedhani anasoma katiba ya chama cha ushirika.

Shambani kulikuwa na akida na kiboko. Siku 28 zilirefuka, na pamba ikagombania mikono ileile iliyotakiwa kupalilia mpunga na mahindi. Wilaya ya Dar es Salaam ilipolipa mwaka wa kwanza, mtu alipata kama senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima, na wapo waliokataa kuzipokea. Sasa mfumo huo tuuite nini? Ubepari hauwi, maana hakuna aliyepatana bei. Ujamaa hauwi, maana hakuna aliyeulizwa. Lakini rekodi moja ni ya Wajerumani: shamba la pamoja la kwanza kulazimishwa huku lilikuwa la dola ya Kaizari, miaka 65 kabla ya Azimio la Arusha.

Mgomo ulioanza na miche michache kuliko yote

Miche yenyewe ni mitatu. Mwishoni mwa Julai 1905, Nandete huko Umatumbini, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia shamba la pamba wakaing'oa. Wazo lilikuwa limepikwa Ngarambe tangu mwaka uliotangulia, kwa Kinjikitile Ngwale. Watu walimiminika kwake kuchukua maji ya dawa, na habari zikasafiri kwa mnong'ono ulioitwa nywinywila. Kwa macho ya serikali hao walikuwa wagonjwa wanaokwenda kwa mganga, basi.

Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ya Majimaji ikiwa changa. Iliendelea hadi 1907. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000; mwanahistoria Gilbert Gwassa aliwakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa, kwa sababu majeshi yalichoma mashamba na maghala.

Halafu ajabu ni hii: chini ya Waingereza, Warufiji wakaja kuilima pamba hiyohiyo katika bonde hilohilo, safari hii kila mtu kwenye kipande chake, na kuiuza kwa wafanyabiashara. Yeyote anayehubiri kwamba wakulima "hawapendi mazao ya biashara" aanzie hapo.

Uhamisho mkubwa kuliko wote

Mafuriko ya mwaka 1968 yaliipa serikali sababu nzuri ya kuwatoa watu bondeni. Operesheni Rufiji ikawa ya kwanza katika mfululizo wa operesheni zilizofikia kilele kati ya 1973 na 1976, ambapo nchi nzima watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa. Afrika huru ilikuwa haijaona uhamisho mkubwa kiasi hicho.

Tuseme haki: huko juu kulikokuja vijiji vipya, shule na zahanati zilifika. Ila udongo wenye rutuba ulibaki chini. Kwa hiyo mkulima akawa na makazi mawili, nyumba kijijini na dungu bondeni. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo za miti. Unakwea kwa ngazi, unalala humo msimu mzima ukiamia ndege na kufukuza nguruwe, na mto ukifurika maji yanapita chini ya kitanda chako. Ramani ya serikali ilionyesha kijiji kimoja. Shamba la kijiji nalo likaambulia saa zilizobaki baada ya mtu kumaliza lake.

Kichekesho kikubwa kuliko vyote cha enzi hizo ni cha mwaka 1976: serikali ya kijamaa ilivifuta vyama vikuu vya ushirika.

Anguko refu, na mpando mrefu zaidi

Korosho, zao la Rufiji na Kibiti kama lilivyo la Mtwara na Lindi, ina rekodi zote mbili. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 17,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, bei ndogo ya mnunuzi mmoja ikachangia, na mikorosho mingi ilikuwa imeachwa porini wenyewe walipohamishiwa vijijini.

Soko likafunguliwa miaka ya 1990, stakabadhi ghalani ikaja 2007, na msimu wa 2024/25 uzalishaji ukavuka tani 520,000. Watetezi wa soko wasishangilie mapema. Stakabadhi ghalani ni mnada unaopitia vyama vya msingi kwa amri ya serikali, na mwaka 2018 Rais Magufuli alituma jeshi kukusanya korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Kangomba, mlanguzi anayepima kwa bakuli na kulipa papo hapo, ndiye soko huria halisi, na yeye ndiye anayekamatwa. Mfumo uliovunja rekodi ni mseto ambao hakuna kitabu kingeukubali.

Shamba kubwa kuliko yote ambalo halikuchimbwa

Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi wa mwekezaji wa kufuga kamba deltani, kwenye mabwawa ya hekta 10,000, katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote nchini. Wanavijiji wakaenda Mahakama Kuu. Hadi leo hakuna bwawa.

Kubwa kweli, na kubwa la mdomoni

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa Selous mwaka 2019, ina kilomita za mraba 30,893 na husifiwa kuwa kubwa kuliko zote Afrika. Namib-Naukluft ya Namibia inakaribia 50,000. Rekodi ya kweli ya pori hili inauma: tembo zaidi ya 100,000 mwaka 1976, wakabaki kama 13,000 mwaka 2013. Ngarambe na Tapika zimeunganisha ardhi yao katika jumuiya ya MUNGATA, ili mapato ya wanyamapori yafike kijijini. Mgawo tena, na swali ni lilelile la fungu la tatu.

Kwa umeme hakuna ubishi. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, na mtambo mmoja tu unaipita Kidatu nzima yenye 204. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024.

Mfumo uliodumu kuliko yote

Ni mlau. Mto hupanda, huacha tope, hushuka, na watu hupanda mahindi na kunde kwenye unyevu uliobaki, bila mbolea ya dukani. Hakuna wizara iliyoubuni. Umeishi kuliko sultani aliyekula mchele wa Rufiji, Mjerumani, Mwingereza na operesheni. Sasa kimo cha maji kinategemea pia milango ya bwawa. TANESCO na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, bandikeni ratiba ya kufungulia maji kwenye kila ofisi ya kijiji, Utete hadi deltani, kabla mkulima hajatia mbegu ardhini.