Dalili ndogo, ugonjwa mkubwa: Ishara za mwili ambazo wengi wetu huzipuuza

Wagonjwa wengi wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa hawakukosa dalili. Dalili ilikuwepo, na mara nyingi ilizungumzwa nyumbani. Kilichowachelewesha ni kwamba kila dalili ilikuwa na jibu lake tayari: ni uchovu, ni umri, ni baridi, ni vumbi, ni asidi. Jibu likishapatikana, mtu hununua tembe dukani na kurudi kazini.

Mara nyingi jibu hilo huwa sahihi. Kichwa huuma na kupona, na kikohozi huja na kwenda. Lakini zipo dalili chache ambazo jibu la nyumbani halizitoshi. Makala hii inaeleza baadhi yake, kwa nini hupuuzwa, na hatua ambazo mkazi anafaa kuchukua. Haichukui nafasi ya daktari, na kuwa na dalili moja kati ya hizi si kusema kwamba tayari una ugonjwa uliotajwa. Maana yake ni kwamba unahitaji kupimwa.

"Nimelalia mkono tu"

Mtu anaamka mkono ukiwa na ganzi, au anaangusha kikombe cha chai, au maneno yanamtoka yakiwa yamevurugika. Baada ya dakika kumi au ishirini kila kitu kinarudi sawa. Familia inamshukuru Mungu na siku inaendelea.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tukio kama hilo hutokea damu inapozuiwa kwa muda mfupi kufika sehemu ya ubongo, kisha kizuizi kikaachia. Ni onyo kwamba kiharusi kamili kinaweza kufuata, na hatari huwa kubwa zaidi katika siku mbili za kwanza. Mtu huyo anafaa kupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama sasa anatembea na kuzungumza vizuri.

Kuna kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Mwambie atabasamu: je, mdomo unaenda upande mmoja? Mwambie ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka wenyewe? Mwambie arudie sentensi fupi: je, maneno yanakwama? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, usisubiri. Angalia saa na uandike wakati dalili zilipoanza, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza la daktari. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu inayovuja. Usimpe chakula, maji wala tembe yoyote njiani. Anaweza kupaliwa.

Chanzo kikubwa cha kiharusi ni shinikizo la damu, na presha haina maumivu. Mtu anaweza kuishi na kipimo cha zaidi ya 140/90 kwa miaka bila kuhisi chochote. Ndiyo maana wanaoacha dawa kwa sababu "wanajisikia sawa" wamo hatarini.

"Ni asidi tu"

Maumivu ya juu ya tumbo au katikati ya kifua huitwa asidi au vidonda vya tumbo, na mgonjwa hutafuna tembe za kutuliza asidi kwa wiki nyingi. Huenda ni asidi kweli. Lakini moyo unaokosa damu pia huuma hapo.

Jiulize maumivu yanakuja lini. Yakija unapopanda mlima, unapobeba maji au unapoharakisha, kisha yakapungua unapopumzika, huo ni mwenendo wa moyo. Yakiandamana na jasho la baridi, kukosa pumzi, au uchungu unaosambaa hadi taya au mkono, na yasipopungua kwa dakika 15, nenda hospitalini mara moja. Usiendeshe gari wala pikipiki mwenyewe.

Wanawake, wazee na watu wenye kisukari wanaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali ya kifua. Dalili yao inaweza kuwa uchovu wa ghafla usioeleweka, kichefuchefu au kukosa pumzi.

"Mimba ndivyo ilivyo"

Mjamzito huambiwa avumilie. Kuvimba miguu kidogo jioni ni jambo la kawaida. Kuvimba uso na mikono kwa ghafla si kawaida, wala kichwa kuuma bila kutulia, kuona maluweluwe au nyota, au kuumwa chini ya mbavu za upande wa kulia.

Dalili hizi, hasa baada ya wiki ya 20, zinaweza kuonyesha shinikizo la damu la ujauzito ambalo lisipotibiwa huleta kifafa cha mimba. Mama anapoanguka kwa degedege, wapo wanaodhani amerogwa au amepandwa na mashetani. Wanapotafuta mganga, saa zinapotea. Hospitali ina sindano ya kuzuia degedege hilo.

Hatari haiishi mtoto anapozaliwa. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama katika wiki sita baada ya kujifungua, wakati ambapo macho ya familia yote yako kwa mtoto. Kila unapohudhuria kliniki, hakikisha umepimwa presha na mkojo. Kama hukupimwa, uliza.

"Ni kikohozi cha vumbi"

Kikohozi kinachozidi wiki mbili kinahitaji kupimwa kifua kikuu, hata kama unakunywa dawa ya kikohozi na unapata nafuu kidogo. Jasho la usiku linalolowesha shuka, homa ya jioni na nguo zinazoanza kulegea mwilini ni dalili zinazosahaulika kwa sababu huja polepole.

Upimaji na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na ugonjwa huu hupona kabisa dawa zikinywewa hadi mwisho. Ukichelewa, watu wa kwanza kuambukizwa ni wale unaolala nao nyumba moja.

"Hedhi imerudi"

Mwanamke aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata matone machache, hajarudi kwenye ujana. Damu hiyo inafaa kuchunguzwa. Vivyo hivyo damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi bila sababu, au uchafu wenye harufu usiokoma baada ya kutibiwa.

Jambo hili huchelewa kusemwa kwa sababu ya aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, na huchukua miaka mingi kabla ya kukomaa. Katika miaka hiyo uchunguzi huweza kugundua mabadiliko yakiwa bado si saratani, na mara nyingi huondolewa kliniki siku hiyo hiyo bila kulazwa. Wanawake kuanzia miaka 25 wanashauriwa kuchunguzwa hata bila dalili, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi huchunguzwa mara nyingi zaidi. Wasichana wa miaka 10 hadi 14 hupewa chanjo ya HPV, ambayo serikali iliiingiza katika mpango wa chanjo mwaka 2019.

"Siku hizi napenda uji"

Chakula kinachokwama kifuani ni dalili inayojificha vizuri kwa sababu mgonjwa huizoea. Kwanza anaacha nyama. Kisha anateremsha kila tonge la ugali kwa maji. Baadaye anasema anapenda uji. Kufikia wakati familia inagundua, mwili umekwisha.

Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni miongoni mwa saratani zinazowapata Wakenya wengi, na huwapata hata watu wasiofika uzeeni. Tumbaku na pombe huongeza hatari. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani hii, hivyo ni vyema kuacha chai ipoe kidogo. Ukiona wewe au mzee wa nyumbani amebadilisha chakula kwa sababu kinakwama, ombeni rufaa ya kipimo cha kamera kinachoangalia umio.

Watoto hawajui kueleza

Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kidonda cha mguu kisichopona ni dalili za kisukari ambazo watu wazima wengi wamezisikia. Wasichojua wengi ni kwamba mtoto pia hupata kisukari. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, anakunywa maji kupita kiasi na anakonda, apimwe sukari upesi. Akitapika na kuhema haraka, mara nyingi hudhaniwa ana malaria au homa ya mapafu, na anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi. Tone la damu kidoleni hutoa jibu kwa chini ya dakika moja.

Jambo jingine ni macho. Ukimpiga mtoto picha kwa simu yenye mwanga na mboni ya jicho moja ikaonekana nyeupe kila mara, au jicho likaanza kwenda upande, mpeleke kwa daktari wa macho. Huenda ni saratani ya jicho, ambayo hutibika vizuri ikigunduliwa mapema.

Ufanye nini?

Dalili za kiharusi, moyo na kifafa cha mimba ni za dharura: nenda hospitalini moja kwa moja. Ibara ya 43 ya Katiba inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Kwa dalili nyingine, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba anaweza pia kukupima presha na sukari na kukuelekeza.

Ukifika kwa mhudumu, usiseme "nimeugua" tu. Eleza dalili ilianza lini, huja mara ngapi, inazidi au inapungua, na umetumia dawa gani, pamoja na za miti shamba. Usifiche, hakuna atakayekulaumu. Kipimo cha malaria kikikosa kuonyesha vijidudu, uliza ni nini basi kinachosababisha homa. Usipopata nafuu baada ya kumaliza dawa, rudi. Kurudi si kumsumbua daktari, bali kunamsaidia kujua kwamba dhana ya kwanza haikutosha.

Kuhusu gharama, wakazi ambao hawajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, wanaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147# kwenye simu au kwa kumwendea mhudumu wa afya ya jamii. Waliosajiliwa hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya kupitia hazina ya serikali. Huduma za hospitali kubwa zinahitaji michango iwe imelipwa, kwa hivyo usingoje kulazwa ndipo uanze kujisajili.

Wiki hii, waulize watu wa nyumbani mwako maswali mawili: ni jambo gani la mwili limebadilika tangu mwaka uanze, na mara ya mwisho walipimwa presha lini. Anayekosa jibu la swali la pili aanze na hilo.