BUSTANI CHINI YA MWEMBE WA KAMBI



Katika kambi za mashamba ya chai huku Buganda, Uganda, matawi mengi ya chama hayana jengo. Ofisi yetu ni mwembe. Chini yake tunasomewa mapatano ya mishahara, wachumaji wanapumzika, watoto wanacheza. Ukifa, tawi limepoteza ukumbi, na kuupata mwingine kwa mwajiri ni kazi ya miaka.

Wengi hudhani adui wa mti ni shoka tu. Sivyo. Mizizi mingi inayoulisha mti mkubwa iko juu juu, katika sentimita 60 za kwanza za udongo, nayo huenea kupita ncha za matawi. Mizizi hiyo inahitaji hewa. Nyayo zetu, mkutano baada ya mkutano, zinaushindilia udongo mpaka unakuwa kama barabara, na maji ya mvua yanapita tu. Saruji na kifusi ni vibaya zaidi. Mti haufi siku hiyo. Hukonda miaka kadhaa, na aliyeamuru saruji imwagwe ameshahamishwa.

Basi tumezungushia shina bustani ya mimea isiyopukutisha majani, inayovumilia kivuli, ili udongo ufunikwe mvua na kiangazi, na watu wasikanyage. Karibu na shina tumepanda masale na katani mwitu. Mbele kidogo iliki, kisha kahawa ya robusta, ambayo asili yake ni msituni. (Katika kivuli kizito haizai sana, kwa hiyo tusigombanie mavuno.)

Jembe lisitumike. Toboa shimo dogo kwa panga, weka mche mdogo; ukikuta mzizi mnene, sogea. Usirundike udongo shinani. Majani ya mwembe yanayoanguka tuache kuyafagia na kuyachoma: yatandazwe unene wa vidole vinne, yasiguse gome. Panda mvua za Machi zinapoanza, na kiangazi cha kwanza mwagilia miche, maana mwembe hunywa kabla yake.

Na mkutano? Sisi hukutana baada ya kazi, jua likiwa magharibi, kivuli kikianguka mashariki. Upande huo, nje ya matawi, tumeuacha wazi na kuweka magogo ya kukalia. Zamu za kumwagilia zinabandikwa pamoja na orodha ya ada.