Siasa za Pwani Zimo Kwenye Faili: Jua Zilipo na Haki Yako ya Kuzisoma

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ndivyo ilivyo kwa siasa pia. Ahadi ya kiongozi isipoandikwa, au ikiandikwa kisha karatasi ipotee, mwananchi hubaki na maneno matupu.

Tuchukue mfano wa ukanda wa maili 10 hapa Pwani. Kabla ya uhuru, ukanda huu ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukisimamiwa na Waingereza. Mwaka 1961, Sir James Robertson alitumwa kusikiliza maoni ya wakazi. Wengine walitaka Mwambao ujitenge, wengine wakataka uungane na Kenya. Ronald Ngala na chama chake cha KADU walikuwa wakipigania majimbo. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua za makubaliano. Kati ya yaliyokubaliwa ni kwamba mahakama za Kadhi zingedumishwa, na hatimiliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zingetambuliwa. Mambo haya yangali yanajadiliwa mabarazani hadi leo. Anayetaka kujua nini hasa kilikubaliwa hana budi kurejea karatasi zenyewe.

Nyaraka hizi ni zipi?

Ni ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya na wa mkoa, kumbukumbu za mikutano ya mabaraza ya wenyeji na ya madiwani, barua za vyama vya siasa, na malalamiko yaliyoandikwa na wananchi wa kawaida.

Zinapatikana wapi?

Nyingi zimo katika Idara ya Nyaraka za Kitaifa, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1965. Makao yake makuu yako Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa benki zamani. Idara hiyo ina kituo cha kanda Mombasa pia.

Nyingine zilibebwa na wakoloni walipoondoka. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London ilifichua kwamba faili za Kenya na za makoloni mengine zilikuwa zimefichwa Hanslope Park, Uingereza. Baadaye zilianza kufunguliwa kwa umma katika hifadhi ya taifa ya nchi hiyo, iliyoko Kew.

Je, ninaruhusiwa kuzisoma?

Ndiyo. Kwa kawaida, nyaraka za serikali zilizohifadhiwa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Kwa habari za karibuni zaidi, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, afisa husika anatakiwa kukujibu katika muda wa siku 21. Afisi za kaunti nazo zinafungwa na sheria hiyo.

Mkazi afanye nini?

Mabaraza ya zamani ya miji na ya wilaya yalifikia kikomo mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Baadhi ya karatasi za enzi hiyo huenda zimo sandukuni kwa aliyekuwa diwani, karani au chifu. Tafadhali usizichome wala kuziuza kwa wafungaji wa njugu. Ziepushe na unyevu na mchwa. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli majina, mahali na mwaka. Usizitie plastiki ya moto, kwani haitoki tena bila kuziharibu. Ikiwa ni faili rasmi ya serikali, irejeshe: ni mali ya umma, na sheria hairuhusu iharibiwe bila idhini.

Leo wawakilishi wa wadi wanajadili bajeti, masoko na ardhi, na maneno yao yananakiliwa katika Hansadi ya bunge la kaunti. Wajukuu wetu watakapouliza nani aliahidi nini, jibu litategemea tulivyozitunza kurasa hizo.