Mcheza ugenini naye atunzwe

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Hakuna mwalimu wa Kiswahili hapa Subukia ambaye hajaifundisha methali hii. Lakini je, anayecheza ugenini atatunzwa na nani?

Jibu moja lilitolewa na mashindano ya uimbaji ya Tusker Project Fame, yaliyoandaliwa nchini Kenya na kuonyeshwa katika televisheni za Afrika Mashariki. Mwaka 2006 alishinda Valerie Kimani wa Kenya, na methali ikaonekana kutimia. Mwaka 2008, hata hivyo, ushindi ulimwendea Esther Nabaasa wa Uganda. 2009 ukaenda kwa Alpha Rwirangira wa Rwanda. 2010 ukarudi Uganda kwa Davis Ntare. Ruth Matete aliurejesha Kenya mwaka 2012, naye Hope Irakoze akaupeleka Burundi mwaka 2013. Kati ya sita hao, wenyeji ni wawili tu.

Kura zilikuwa za watazamaji, kwa njia ya simu. Mwanafunzi hodari wa hesabu atadai kwamba penye Wakenya kadhaa jukwaani, kura za wenyeji hugawanyika na mgeni akapenya. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Rwanda na Burundi ni nchi ndogo mno zikilinganishwa na Kenya. Ni vigumu kuamini kwamba vijana wao wangeshinda pasipo kuungwa mkono na watu wa nje, waliosikiliza sauti kabla ya kuuliza asili.

Wala tusiyatukuze mashindano yale kupita kiasi. Mdhamini alikuwa mtengenezaji wa pombe, na kila kura ilitozwa pesa. Hata hivyo, sisi wa Bonde la Ufa tuna sababu ya kuukumbuka ule mwaka 2008. Ulipoanza, watu wa Nakuru walikuwa wakiuana kwa sababu ya kura nyingine, na uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini ukageuzwa kambi ya waliofukuzwa makwao. Kabla ya mwaka kwisha, shindano lililofanyika katika nchi hii hii lilimtawaza binti wa nchi jirani, na hapana aliyechomewa nyumba kwa ajili hiyo.

Ulaya wana shindano lao la Eurovision, lililoanza mwaka 1956. Huko pia upendeleo haukosekani: Ugiriki na Saiprasi zimezoea kutuzana alama za juu. Lakini wana kanuni moja ya busara, kwamba watazamaji wa nchi hawaruhusiwi kuipigia kura nchi yao wenyewe. Wapende wasipende, hulazimika kuutafuta uzuri kwa jirani.

Kanuni hiyo haihitaji televisheni wala fedha. Walimu wetu wanapoandaa nyimbo za kiasili kwa Tamasha la Muziki, na waionje darasani: kila mwanafunzi achague wimbo bora usio wa jamii yake, kisha aeleze kwa hoja kilichompendeza, iwe ni mdundo, maneno au maana. Atakayeshindwa ajue kwamba bado hajasikiliza.

Watoto hawa watapiga kura za uongozi karibuni. Heri wajifunze mapema, kwa jambo dogo kama wimbo, kwamba kumtunza mcheza ugenini si kumsaliti wa kwenu.